Aliyelala Usimwamshe

Wahenga walinena, aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Katika kipindi cha Kiswahili tumeijadili methali hii mara si moja, na mwalimu hutueleza kwamba ukimzindua mtu aliyezubaa, huenda akakupiku ukabaki ukijilaumu. Maana hiyo ni sahihi, na sina nia ya kubishana na mwalimu wangu, hasa wakati huu mitihani ikibisha hodi. Lakini mimi nimeipata maana nyingine ya methali hii, na sikuipata darasani. Niliipata ndani ya basi la usiku.

Msomaji mpendwa, wengi wetu hapa shuleni tunatoka Satellite, Riruta, Kabiria na Kawangware. Ninyi mnajua jinsi mtaa unavyopwaya ifikapo Desemba. Vibanda vya mboga hufungwa, vinyozi hupotea, hata yule muuza mandazi wa kona huonekana na begi mgongoni. Ukiuliza watu wameenda wapi, utaambiwa, "Wameenda ocha." Kwa wengi wa majirani zetu, ocha ni magharibi: Vihiga, Kakamega, Bungoma, Busia. Kwetu ni karibu na Chavakali, katika kaunti ya Vihiga, alikokuwa akiishi nyanya yangu mzaa mama.

Tulikuwa tukisafiri wawili tu, mimi na mama. Ndugu zangu wakubwa walikwisha kuanza maisha yao, nami ni kitindamimba. Baba ni bawabu wa usiku huko Lavington, na Desemba ndipo matajiri wake husafiri wakamwachia nyumba. Kwa hiyo yeye likizo ya Krismasi huiona kwenye kalenda tu. Mama ni fundi wa kushona nguo pale Kawangware, na kwa kuwa mwezi huo wateja ni wengi, hakukubali kupoteza siku nzima njiani. Angeshona hadi saa kumi na moja jioni, afunge kibanda, aoge, kisha tushike basi la usiku. Mchana wa kazi, usiku wa safari. Hivyo ndivyo alivyopanga mambo yake.

Safari yangu ya kwanza ninayoikumbuka vizuri ilikuwa nikiwa darasa la nne. Lo! Niliyoyaona siku hiyo ni mimi nayajua. Kwanza nilikula chipsi na soda mbili, maana baba alinipa pesa za safari nami nikaona zisilale mfukoni. Pili nilivaa shati la mikono mifupi ili watoto wa huko walione. Tatu nilililia dirisha la kiti cha nyuma kabisa, kwa kuwa niliona kiko juu kuliko vingine. Kumbe nyuma ndiko kuna shida zote. Kila tuta lililopandwa na basi lilinirusha karibu nigonge dari. Soda nazo zikaanza kudai haki yake kabla hatujafika Naivasha, na basi halina choo. Kichwa kiligonga kioo, ko! ko! ko!, mpaka nikawa na nundu. Tulipopanda kule Mau nilitetemeka kama kifaranga aliyenyeshewa. Asubuhi nilishuka shingo imepinda upande, macho mekundu kama pilipili, na shati nililokuwa nikilivalia maringo limetapikiwa na mwenyewe.

Nyanya alitupokea mlangoni. Swali lake la kwanza, mwaka nenda mwaka rudi, lilikuwa ni lile lile: "Mmelalaje njiani?" Aliponitazama siku hiyo alicheka mpaka akashika kiuno. Kisha alimgeukia mama akamtazama usoni kwa muda, asicheke tena. Akamwambia, "Wewe, nenda ukalale." Mama aliingia chumbani kwa nyanya akalala hadi jioni. Nilifikiri ni uchovu wa kushona nguo.

Tangu siku hiyo niliamua kwamba sitateseka tena. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, lakini mimi nilifunzwa na wote wawili. Kila Desemba nilijifunza jambo jipya, hata nikawa bingwa wa kulala kwenye basi. Na kwa kuwa elimu haifai kufichwa uvunguni, nitawagawia niliyoyapata.

Kwanza ni kiti. Kaa katikati ya basi, kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, maana hapo mtikisiko ni mdogo. Usikae mkiani, nimeshasema. Usikae karibu na mlango, kwa sababu makanga hufungua na kufunga usiku kucha na upepo wote unakuingia wewe. Na ukiweza, chagua upande wa kushoto. Sisi huendesha upande wa kushoto wa barabara, kwa hiyo magari yanayokuja hupita upande wetu wa kulia, na taa za malori humulika macho ya walioketi upande huo. Ili kupata kiti unachotaka ni lazima uwahi basi linakoanzia. Hii ndiyo sababu mama hakutaka tupandie Kangemi. Tulipanda matatu ya namba 2 kutoka Satellite, tukapita Dagoretti Corner na barabara ya Ngong mpaka mjini, kisha tukatembea hadi Machakos Country Bus, ile stesheni ya barabara ya Landhies ambayo wacheshi huiita Machakos Airport. Halafu basi lenyewe likitoka mjini hushika Waiyaki Way na kupita Kangemi, ng'ambo tu ya bonde kutoka kwetu! Saa mbili nzima tumezunguka ili tupite tena karibu na nyumbani. Nilikuwa nikilalamika, naye mama akinijibu, "Anayepandia Kangemi hukaa alipoachiwa."

Pili ni mavazi. Barabara hii si tambarare, na hapo ndipo wageni wa safari hukosea. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Basi hupanda hadi nyanda za Limuru, likashuka ukingoni mpaka Bonde la Ufa, likapita Naivasha, Gilgil na Nakuru, halafu likapanda tena hadi Mau Summit, ambako ni zaidi ya mita 2,400. Hapo baridi hupenya hata kwenye mifupa. Baada ya Kericho huanza kuteremka kuelekea Ahero na Kisumu, ambako ni takriban mita 1,130 tu, na joto la ziwa linakukaribisha kwa jasho. Kwa hiyo vaa nguo zinazoweza kuvuliwa moja moja: fulana, sweta, halafu koti. Soksi ni lazima. Legeza kamba za viatu, maana miguu huvimba kwa kukaa. Leso ya mama ikunje iwe nene, uizungushe shingoni kama skafu, na kichwa kitatulia bila kuyumba. Sweta la akiba liweke kati ya kichwa na kioo.

Tatu ni tumbo. Kula chakula chepesi saa mbili kabla ya safari. Maharagwe na githeri waachie walio nyumbani, kwa heshima ya jirani yako. Kunywa maji kidogo kidogo. Basi likisimama Nakuru, shuka uende msalani hata kama huna haja, kwa sababu haja itakujia Salgaa na dereva hatakusikiliza.

Nne ni usalama wa mali. Simu na pesa ziwe mfuko wa ndani. Mkanda wa begi uzungushe mguuni, ili anayelivuta akuvute nawe. Na usipokee biskuti, peremende wala soda ya mtu usiyemjua, hata akiwa amevaa tai. Wamekuwako waliokula biskuti Nairobi wakazinduka mwisho wa safari hawana hata viatu. Mkanda wa kiti nao ufunge. Huu si wa kuuonea haya. Uliletwa kwa lazima na zile kanuni za mwaka 2004, wakati marehemu John Michuki alipokuwa waziri wa uchukuzi, pamoja na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa.

Basi, kwa mbinu hizo nilifika mahali nikawa nafumba macho Kangemi na kuyafumbua Kisumu. Usingizi wangu uliovunja rekodi ulikuwa Desemba ya kidato cha kwanza. Tulipoondoka mjini saa tatu usiku muziki wa rumba ulikuwa ukivuma; nilitia pamba masikioni, nikajifunga leso, nikaegemea dirisha. Nakumbuka taa za Kangemi, kisha sikumbuki tena kitu. Sikuamka Nakuru. Sikuhisi baridi ya Mau. Nilizinduka jua limeshatoka, tuko Majengo, tunaipandia Mbale. Kwa kawaida huwa tumefika Chavakali kufikia saa kumi na mbili asubuhi, lakini siku hiyo ilikuwa karibu saa mbili. Nilimwuliza mama mbona tumechelewa. Akanijibu, "Malori yalikuwa mengi."

Nyanya alipouliza tumelalaje, nilijitokeza kifua mbele, nikamsimulia mbinu zangu zote. Alinisikiliza, akanisifu, kisha akamgeukia mama kama kawaida yake. "Wewe, nenda ukalale." Mama alilala siku hiyo mpaka usiku, hata chakula hakukigusa.

Shule zilipofunguliwa niliandika insha kuhusu usingizi huo. Nilipata alama 33 kwa 40, nayo ikasomwa mbele ya darasa. Baadhi yenu mtaikumbuka. Niliringa nayo muhula mzima.

Mwaka jana, mwezi wa Agosti, simu ililia usiku wa manane. Ukiona simu ya kutoka nyumbani usiku wa manane, hata kabla hujaipokea moyo umeshajua. Nyanya alikuwa ametuaga. Baba aliomba ruhusa kazini akaambiwa aje siku ya mazishi tu. Mama alifunga kibanda chake, nguo za watu zikiwa juu ya cherehani hazijakamilika, nasi tukashika basi la jioni ile ile. Mimi, nasema kwa aibu, nililala. Nilikuwa nimelia mpaka nikachoka, na mwili ukafanya ulivyozoea.

Tulifika alfajiri. Nyumba ilikuwa imejaa watu, moto umekokwa uani, akina mama wakiimba. Walitusalimia, wakatupa pole, wakampa mama kiti. Palikuwa na shughuli tele: maji, sufuria, hema, kadi ya mazishi. Kila aliyefika alikuwa na swali la kumwuliza mama, kwa kuwa ndiye binti mkubwa. Nilimwona akizunguka huku na huko, macho yamemwingia ndani, mkono ukishika ukuta anapopita. Ikagonga saa nne, ikagonga saa sita. Ndipo jambo fulani likanigusa moyoni. Hapakuwa na mtu wa kumwambia, "Wewe, nenda ukalale." Aliyekuwa akimwambia hivyo alikuwa amelala ndani ya jeneza.

Usiku wa pili wa matanga, wazee waliketi kuuzunguka moto, wakisimulia habari za marehemu. Mzee mmoja wa kijiji cha jirani alimnyoshea mama kidole pale alipokuwa akimimina chai. Akasema, "Ukitaka kumjua marehemu, mtazame bintiye. Mimi niko hai kwa sababu ya huyu mama." Watu wakanyamaza. Akasimulia kwamba Desemba moja walisafiri naye basi moja kutoka Nairobi. Walipopita Salgaa, saa saba za usiku hivi, abiria wote wakiwa wamelala fofofo, mama aliinuka katika kiti chake akaenda mbele mbio. Dereva alikuwa akisinzia. Gurudumu la kulia lilishaanza kuuvuka mstari wa katikati, na mbele taa za lori zilikuwa zinakuja. Mama alimpigia kelele na kumtikisa bega. Dereva akazinduka akalirudisha basi upande wake, na lori likapita likipiga honi.

Hakuishia hapo. Alimwambia dereva asimame kwenye kituo cha mafuta kilichokuwa mbele. Makanga alikuja juu akisema, "Mathe, wacha kutuchelewesha, si umeona ameamka?" Mzee huyo alikuwa amezinduliwa na ile honi, akainuka kumsaidia mama. Walisimama wawili mlangoni, wakakataa basi liondoke mpaka dereva anawe uso, anywe chai, na alale walau saa moja. Abiria wachache walioamka walinung'unika. Mmoja alimwambia mama anajifanya mwenye basi. Mama alimjibu, "Sina basi. Nina mtoto amelala kule."

Nilishikwa na bumbuazi. Nilihesabu miaka kwa vidole, ingawa sikuhitaji kuhesabu. Ilikuwa Desemba yangu ya kidato cha kwanza. Usingizi ule uliovunja rekodi, usingizi wa alama 33 kwa 40, ndio usiku ambao nusura tusifike.

Kila mmoja wetu amesikia habari za barabara ile. Tarehe 31 Januari 2009, huko Sachangwan, lori la mafuta lililopinduka lilishika moto, na zaidi ya watu 100 wakaangamia. Tarehe 31 Desemba 2017, huko Migaa, basi na lori viligongana alfajiri, watu 36 wakafa. Mwezi Desemba 2013 serikali ilipiga marufuku safari za usiku za magari ya abiria, kisha mwaka 2014 zikaruhusiwa tena kwa masharti. Sheria inamkataza dereva wa gari la abiria kuendesha zaidi ya saa 8 katika kila saa 24. Lakini sheria haiketi kwenye kiti cha mbele ikamtazama dereva machoni. Nilifanya hesabu kwa kutumia fizikia tuliyofundishwa. Basi linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 katika kila sekunde. Dereva akisinzia sekunde nne tu, basi limekwenda karibu mita 90 bila mwenyewe, yaani karibu urefu wa uwanja wa mpira. Na usingizi ulio mzito kuliko wote huja kati ya saa nane na saa kumi na moja za usiku, wakati hata mwili wa mtu aliyelala mchana hudai haki yake. Dereva si malaika. Naye ni mwana wa mtu, na pengine siku hiyo alikuwa ameendesha kutwa.

Nilimfuata mama nyuma ya jiko. Nikamwuliza, "Mama, mbona hukuniamsha siku ile?"

Alikuwa akiosha vikombe, wala hakuinua kichwa. "Siku gani?"

"Ya Salgaa."

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Aliyelala usimwamshe. Ningekuamsha ili ufanye nini, mwanangu? Ulikuwa unajua kuendesha basi?"

"Na wewe hulali kabisa njiani?"

"Nikilala nani ataangalia? Baba yako hukesha ili watu wa Lavington walale. Mimi nakesha wewe ulale. Ni kazi tu."

Hapo ndipo mambo mengi yaliponifungukia kwa mara moja. Nilielewa kwa nini siku zote tuliketi safu ya tatu upande wa kushoto, ambako si katikati kabisa. Mimi nilidhani ni kwa sababu ya taa za malori. Kumbe kutoka kiti cha ujiani cha safu hiyo mtu anaweza kuuona uso wa dereva katika kile kioo kirefu kilicho juu yake. Nilielewa sababu ya kuzungukia mjini badala ya kupandia Kangemi. Nilielewa kwa nini mama hubeba njugu karanga na kutafuna usiku kucha moja moja, nami nilikuwa nikimtania kwamba ana mdomo wa panya. Na nilielewa kwamba nyanya alijua yote. Swali lake, "Mmelalaje njiani?" alituuliza sote wawili, ila mimi ndiye niliyekuwa nikilijibu.

Tulirudi Nairobi siku tatu baada ya mazishi, kwa basi la usiku la kutoka Chavakali. Baba alikuwa ametangulia kurudi kazini. Niliwahi mapema nikachukua safu ya tatu upande wa kushoto. Mama alipokuja nilikuwa nimekwisha kuketi kwenye kiti cha ujiani. "Sogea dirishani," akasema. Nikamwambia, "Leo dirishani ni wewe." Alinitazama. Nikatoa njugu mfukoni nikamwonyesha. Nilimzungushia leso shingoni kama nilivyojifunza, nikaweka sweta langu kwenye kioo. Alibisha kidogo. Akasema atapumzisha macho tu mpaka Kisumu. Tulipofika Kiboswa alikuwa anakoroma.

Usiku ule niliiona barabara kwa mara ya kwanza. Niliona Kericho na majani chai yake chini ya mwezi, yamelala sawasawa kama zulia. Niliona malori yakipanda Mau polepole kama siafu. Niliona kazi ya makanga mwema, ambaye alikaa mbele akimwongelesha dereva habari za mpira, hadithi za mjini na vichekesho, asimwache kimya hata kidogo. Nakuru, dereva wa pili alishika usukani na wa kwanza akaenda kulala nyuma, nami nikashusha pumzi. Hata hivyo sikulala. Ilipofika saa tisa za usiku kope zilikuwa nzito kama milango ya chuma. Nilitafuna njugu moja moja. Nilijifinya. Nilijiuliza mama aliwezaje kufanya hivi miaka yote hiyo baada ya kushona kutwa. Kichwa chake kilikuwa kimeacha dirisha kikaniegemea begani. Bega liliingia ganzi tulipokuwa Gilgil, nami sikulisogeza.

Tulifika Kangemi kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Makanga akapiga kelele, "Kangemi! Kuna wa Kangemi?" Hapo ndipo tulipokuwa tukishukia kila mara tunaporudi, kwani ni karibu na nyumbani. Nilifungua mdomo kujibu. Nikamtazama mama. Mdomo wake ulikuwa wazi kidogo, leso imemfunika nusu ya uso, na kwa mara ya kwanza tangu ile simu ya usiku, uso wake haukuwa umekunjamana.

"Twende hadi mwisho," nikamwambia makanga.

Msongamano wa Westlands ulikuwa umekwisha kuanza. Kwa mara ya kwanza maishani nilifurahia msongamano. Basi lilisogea, likasimama, likasogea. Alipata karibu saa nzima nyingine. Tulipoingia stesheni ndipo alipozinduka, akajifuta uso, akachungulia nje.

"Hapa si Kangemi."

"Tulipita, mama."

"Mbona hukuniamsha?"

"Aliyelala usimwamshe."

Alinitazama kwa muda, kama nyanya alivyokuwa akimtazama yeye. Nilidhani atacheka au atalia. Kisha akafunga leso yake kiunoni, akachukua begi, akasema, "Na nauli ya namba 2 ya kurudi Satellite atalipa nani?"

Nililipa mimi. Tulipofika nyumbani nilimtandikia kitanda, nikamwambia, "Wewe, nenda ukalale."

Msomaji mpendwa, Desemba haiko mbali. Mbinu zangu za kulala ni zenu, zitumieni na mlale unono. Lakini kabla ya kufumba macho, geuka umtazame aliye kando yako. Akiwa anatafuna njugu, mwulize zamu yako ni lini. Safari njema.